Ndizi za Hospitali

Niliolewa Nyamira nikitoka upande wa Kenyenya, na jambo la kwanza nililoliona kwenye kilima cha mume wangu, hata kabla sijajua nani ni nani, ni machela. Ilikuwa imening'inia chini ya upenu wa nyumba ya jirani: miti miwili ya mkaratusi iliyochongwa ikalainika, na magunia ya pareto yaliyoshonwa pamoja kwa kamba ya katani. Nikamuuliza mume wangu nani mgonjwa. Akasema hakuna mgonjwa. Nikamuuliza, basi hiyo ni ya nani? Akasema ni yetu sote, isipokuwa sisi.

Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua alikuwa anasema kweli, tena kwa aibu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Serikali ilisema matibabu ni bure, nasi tulishangilia kama watu wengine. Lakini zahanati yetu ilikuwa na dresa mmoja wa kufunga vidonda, mpole sana, na siku nyingi upole ndio uliokuwa dawa pekee iliyobaki kabatini. Wanaume wetu waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya chai ya Kericho walitibiwa hukohuko na kampuni. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Akijikata kidole, alifungwa bandeji nyeupe. Mimi na mtoto tukiugua huku nyumbani, kampuni haikuwa na habari kwamba tumezaliwa. Hospitali yenye vitanda na daktari ilikuwa ya misheni, ng'ambo ya mabonde mawili, na huko mtu hakuingia mikono mitupu.

Aliyelitatua jambo hilo ni mjane mmoja asiye na mtoto wa kiume, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye alikuwa akicheka kwa pua. Yeye ndiye tuliyemwita mwenyekiti, ingawa sikumwona hata siku moja ameketi kwenye kiti. Wanawake wa kilima walikuwa na egesangio, yaani kikundi cha kulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Siku moja, nilivyosimuliwa, mjane alisimama na jembe lake akasema, "Mgonjwa naye apewe zamu." Akatoa kipande cha shamba lake kando ya kijito. Wakapanda migomba, na katikati ya migomba wakapanda mboga za chinsaga na maboga. Kisha akavuka mabonde mawili kwenda kuzungumza na watu wa misheni, ambao walikuwa na wagonjwa wengi wa kulisha na jiko kubwa lenye njaa.

Wakaelewana hivi: kila Alhamisi kilima chetu kinapeleka ndizi na mboga jikoni, na yeyote anayetoka kilima chetu akifika mgonjwa anapokelewa, awe mzee, awe mtoto wa jana. Hakuna kuulizwa amekuja na nini. Alikwisha kuja nacho Alhamisi.

Na mikungu ile tuliibeba kwa machela. Siku ambazo hakukuwa na mgonjwa ilibeba ndizi, na siku ambazo kulikuwa na mgonjwa ndizi zilisubiri.

Mambo ya chama yaliamuliwa shambani, baada ya kupalilia, watu wakiwa wamesimama na kuegemea majembe. Mwenyekiti alisema mtu aliyeketi huongea mpaka jioni. Sheria zilikuwa chache. Kila nyumba itoe mtu wa kupalilia. Kila nyumba iiweke machela chini ya upenu wake mwezi mmoja, kisha iende nyumba ya pili. Mgonjwa wa Jumamosi abebwe na Wakatoliki, kwa kuwa Waadventista wako kanisani. Mgonjwa wa Jumapili abebwe na Waadventista. Kulikuwa na wazee wawili watatu wasiosali popote, wakinywa pombe yao kwa utulivu, na hao waliambiwa wao ni wa siku zote.

Sasa, baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu, koti la jeshi lililomfika karibu na vifundo vya miguu, na alilivaa jua kali na mvua. Alikuwa Mwadventista wa Sabato na mkaidi wa siku saba. Machela ilipotengenezwa alisema huo ni uchuro. Mtu hachimbi kaburi kabla ya maiti, na hatengenezi kitanda cha mgonjwa kabla ya mgonjwa. Kitu kikitengenezwa kinamtafuta mwenyewe. Zamu yetu ya kuiweka ilipofika aliwafukuza walioileta, na tangu siku hiyo machela iliruka boma letu kama mtu anavyoruka dimbwi. Kwangu, bibi arusi mgeni, hilo lilikuwa jambo la kufedhehesha. Nilipoenda kuteka maji niliwasikia wenzangu wakinyamaza.

Nami nina hasira, sikatai. Nilichukua jembe nikaenda kupalilia shamba la wagonjwa, bila kumuuliza mtu.

Hapo itabidi nieleze chinsoni. Ni haya, lakini haya yenye sheria. Mkaza mwana na baba mkwe hawagusani. Hamwoni amelala, haingii anakolala, hamtaji jina, hapigi naye soga. Na si mimi peke yangu: kilima kizima kilikuwa ukoo mmoja, kwa hiyo kila mke wa umri wangu alikuwa mkaza mwana kwake. Kwa hiyo baba mkwe aliponikasirikia hakuweza kunigombeza uso kwa uso. Alimgombeza ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mweusi mwenye pembe iliyopinda, na huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wetu.

"Wewe ng'ombe," alisema nikiwa napita na jembe, "mwambie anayekwenda kulima maradhi kwamba ugonjwa ukiitwa huitika."

Nami nilisimama upande wa pili wa ng'ombe, nikiangalia chini inavyotakiwa, nikamwita Tata, yaani baba. "Ng'ombe, mwambie Tata kwamba hata usipoitwa huja. Hauna hodi."

Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta wimbi mlangoni, aliinamisha uso kwenye ungo. Najua alikuwa anacheka kwa sababu wimbi lilimwagika.

Tuliishi hivyo, na nikisema kweli tuliishi vizuri. Nilimpenda mzee yule. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa akilia usiku, asubuhi nilikuta chungu kidogo cha asali mlangoni pangu, na ng'ombe akiulizwa kwa sauti kubwa kama mtoto wa jirani ana tumbo. Lakini machela aliichukia vilevile.

Halafu ukafika mwezi wa nane, wakati wa makambi. Waadventista wote wenye miguu mizima walikuwa wamekwenda kulala kwenye mahema kusikiliza mahubiri wiki nzima. Mimi sikwenda, wala mama mkwe, kwa kuwa tangu katikati ya wiki mzee alikuwa anakohoa kikohozi kikavu na kushika ubavu. Ilipofika Jumamosi asubuhi mama mkwe alitoka nje akasimama uani, mikono imening'inia tu. Akasema, "Hapati pumzi."

Nilimsikia mwenyewe kutoka pale nje. Ilikuwa sauti ya mtu anayepasua kuni zenye maji. Ndugu wa mume wangu alikufa kwa kichomi cha namna hiyo kabla sijaolewa, na mama mkwe alikuwa ameshaniambia jinsi kilivyokwenda haraka.

Nikakimbia kwa mwenyekiti. Jumamosi ilikuwa ya Wakatoliki, lakini wanaume wa Kikatoliki walikuwa wameondoka alfajiri, wote, kwenda kumzika katekista wao mbali ng'ambo ya mto, na wale wazee wa siku zote waliwafuata kwa ajili ya pombe ya matanga. Kilima kilikuwa na wanawake na kuku. Walikusanyika kwenye uwanja wetu wakiwa na machela, na mmoja wao, mwenye mdomo, akauliza lililokuwa mioyoni mwa wengi.

"Si yeye alisema ni uchuro? Nyumba iliyokataa machela inabebwaje nayo?"

Mwenyekiti alinigeukia. Alinitazama mikono. "Machela haikukaa kwao," alisema, "lakini jembe lao limekaa kwetu. Huyu abebwe. Hilo limekwisha."

Halikuwa limekwisha. Maana ni nani wa kumbeba? Mama mkwe na mwenyekiti waliruhusiwa kumgusa, mmoja mkewe na mwingine mke wa ndugu yake, lakini magoti yao yasingevuka hata bonde la kwanza. Waliokuwa na mabega ni sisi, na sisi sote tulikuwa wakaza wana wake. Kumbeba amelala, miguu yake karibu na kichwa cha mmoja wetu! Tulisimama pale tukitazama chini. Hakuna aliyetaka afe, na hakuna aliyenyanyua mguu. Ukiona leo ni upuuzi, basi hukulelewa kwetu.

Sauti ikatoka ndani, kidogokidogo, pumzi moja neno moja.

"Leo si Alhamisi?"

"Ni Jumamosi," mama mkwe akajibu.

"Ifanyeni Alhamisi."

Mama mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka kiganja mdomoni, akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Kisha akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba kukata majani ya mgomba.

Machela ikaingizwa ndani. Sisi tuligeuza migongo, tukatazama mlima. Tulisikia wale wanawake wawili wazee wakihema na kugombana, shika hapo, si hapo, na mzee akiguna. Mwisho mwenyekiti akaita, "Ndizi tayari." Tulipogeuka tukaona mzigo mrefu uliofunikwa kwa majani mabichi kutoka juu hadi chini, na kamba juu yake, sawasawa na Alhamisi yoyote. Tukanyanyua. Mimi nilishika mbele, nikampa mgongo.

Alikuwa mwepesi kuliko mikungu. Hilo lilinitisha kuliko kikohozi.

Wanawake wazee walifuata nyuma polepole, wameshikana mikono, na tukawaacha mbali. Njia ilikuwa ya utelezi, mvua ya jana ilikuwa haijakauka. Siku za Alhamisi tuliimba, kwa hiyo tuliona tuimbe, watu wasije wakashangaa. Akikohoa tunapandisha wimbo. Akinyamaza tunashusha, tusikilize kama bado anapumua. Sijawahi kuimba nikiwa na hofu kama ile.

Kwenye kijito cha pili tukakutana na mama mmoja wa biashara ya ndizi, anaelekea barabarani kutafuta gari la Kisii. Akatazama mzigo wetu kwa jicho la mnunuzi.

"Mnauza?"

"Ni za hospitali," nikasema.

"Zimekomaa?"

Mzigo ukakohoa. Yule mama alinitazama, akatazama majani, akatutazama sote, wanawake vijana wenye miti mabegani. Alikuwa Mgusii kama sisi. Hakuuliza tena. Alivua shuka lake la begani, akalitandaza juu ya majani taratibu, akasema, "Ndizi zisipigwe na baridi," akaenda zake. Shuka lile hatukumrudishia, kwa maana hatukumwona tena.

Tukafika. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo mtu wa kabila lingine asingelifanya hata kwa kulipwa. Bawabu alituona: wanawake walewale, machela ileile, majani yaleyale. Akafungua lango la pembeni, la jikoni, kama kila Alhamisi. Na sisi tukapita. Miguu ilijua njia. Tukafika uani kwa mpishi, tukaiweka machela chini karibu na masufuria, tukasimama.

Mpishi alikuwa mtu wa kutoka mbali, hakujua Kigusii, na alikuwa anakoroga. Hata hakugeuka. "Nyinyi mama, leo si siku yenu," akasema kwa Kiswahili. "Haya, weka hiyo ndizi hapo kwa ukuta."

Kusema kwamba ndani mna mtu ni kusema ni nani, na kusema ni nani ni kukiri kwamba tumembeba. Mwenye ruhusa ya kusema alikuwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa bado bondeni. Tulitazama chini, kila mmoja akingoja mwingine. Wenzangu hawakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi nilifika darasa la nne. Chini ya majani, ile sauti ya kupasua kuni ilikuwa imepungua. Nilidhani amepata nafuu, halafu nikaelewa kwamba haikuwa nafuu.

Hasira ikanipanda, sijui kwa nani. Kwa mpishi, kwa makambi, kwa katekista aliyechagua wiki ile ya kufa, kwa sisi wenyewe tuliosimama kama vigingi. Nikayafunua majani kwa mkono wangu. Nikauona uso wake. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu na macho yalikuwa wazi, yananitazama, na ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kutazamana tangu niolewe.

"Hii si ndizi," nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilifika wodini. "Hii ni baba ya bwana yangu. Na iko karibu kufa."

Kiswahili kibaya, lakini mpishi alidondosha mwiko. Alikimbia mwenyewe kumwita daktari.

Walimchoma sindano na kumlaza kwenye kitanda cha chuma karibu na dirisha. Mama mkwe alipofika na matope hadi magotini, mzee alikuwa tayari anapumua kama mtu. Alhamisi iliyofuata tulipeleka ndizi za kweli. Zikapikwa, akala pamoja na wagonjwa wengine, akatuma mke wake aje kutuambia kwamba zilikuwa chache na hazikuiva vizuri.

Nyumbani nilikuwa na mashaka. Nilikuwa nimemtazama mkwe wangu usoni, nikamtaja mbele ya mgeni, nikapiga kelele. Wazee waliorudi kutoka makambini na mazishini walianza kunong'ona habari za mbuzi wa kutakasa, na kwamba nisipotakaswa watoto wangu watadhurika. Mbuzi sikuwa naye. Tumboni nilikuwa na mimba changa ambayo nilikuwa sijamwambia mtu. Nililia sana siku hizo, nikiwa peke yangu kwenye migomba, na nikajiambia kwamba ningefanya vilevile tena. Yote mawili yalikuwa kweli.

Baba mkwe alirudi kwa miguu yake, koti limemzidi zaidi. Jioni wazee walikuja kumpa pole na kulianzisha jambo lile. Nilikuwa zizini nikikamua. Akawaacha wakiongea, akaja akasimama upande wa pili wa ng'ombe mweusi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi walipoketi.

"Ng'ombe, watu hawa wananiuliza nilisikia nini jikoni. Waambie sikusikia kitu. Ndizi hazina masikio."

Mbuzi hakutajwa tena.

Na zamu ya machela ilipofika kwetu, aliipokea mwenyewe, akaining'iniza chini ya upenu wake, akaifuta vumbi. Mwezi ulipokwisha alikataa kuitoa. Alisema upenu wa nyumba ya pili unavuja. Mwenyekiti alicheka kwa pua kwa siku kadhaa, lakini aliiacha palepale, na ikakaa pale miaka.

Siku hizi mabonde yale mawili yamekuwa mafupi, yana lami. Pikipiki inakufikisha kabla hujamaliza kusali. Nina kadi ya bima ya matibabu kwenye mkoba wangu, na mjukuu amenionyesha jinsi ya kuilipia kwa simu, na sitasema uongo, ni kitu kizuri. Shamba la kijitoni liligawanywa, mjane alipokufa, kukawa na kesi, kukawa na nyumba za mabati. Sitamani kurudi kubebwa. Ninachokitamani ni kile kitu cha kufika langoni, nao wakajua kilima chako kwa jinsi ulivyobeba mzigo.

Mimba ile ilifika. Uchungu ulinianza usiku wa kuamkia Jumapili, na jua lilipochomoza mkunga alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Mume wangu alikuwa Kericho. Vijana wa Kiadventista walikuja kuchukua machela, kwa kuwa ilikuwa siku yao, wakanilaza na kunifunika kwa lile shuka la mama wa ndizi.

Mwanamke aliye katika uchungu, baba mkwe wake hukaa mbali naye. Huondoka kabisa bomani, asisikie. Baba mkwe aliondoka kweli. Alichukua fimbo yake akatoka mbele ya kila mtu, akaifuata njia ya hospitali. Nikiwa nimelala pale, kati ya maumivu na maumivu, nilipoinua kichwa niliona koti lile refu mbele yetu, mbali kidogo, likipiga umande kwa fimbo ili wabebaji wasiteleze. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nililia kwa sauti na hakugeuka. Nilijua anasikia, kwa kuwa kila nilipolia aliongeza mwendo.

Mtoto huyo ana mvi sasa, na tabia ya babu yake.

Tulipofika, bawabu aliwaona watu wa kilima chetu, akaiona machela, akaanza kulifungua lango la pembeni. Nilimsikia baba mkwe akigonga fimbo kwenye lango kubwa. Bawabu akamuuliza kwa Kiswahili ameleta nini leo, siku ambayo si yao.

"Ndizi," baba mkwe akasema, bado ametupa mgongo. "Lakini hii si ya jikoni."